Doa Jekundu la Mikokoni

Usukani wa lile gari ulikuwa pambo tu. Gari lilijiendesha lenyewe. Lilijua kona, lilijua kupunguza mwendo, lilijua hata kuguna kidogo kabla ya kusimama ili abiria wasishtuke. Lakini Shekue alikuwa ameung'ang'ania kwa mikono miwili tangu walipoianza barabara ya nguzo, ile iliyoinuliwa juu ya maji, pale Tanga, shingo kaitoa mbele, na kila kona akilalia upande kana kwamba asipofanya hivyo wote wawili wangeishia majini.

"Bwana Shekue, utachoka bure," Tunu alimwambia mumewe. "Hilo duara halikuunganishwa na kitu."

"Wewe hujui magari. Gari likijua dereva yumo, linatulia."

"Haya, dereva. Pokea muhogo."

Akamlisha kipande cha muhogo wa kuchoma chenye pilipili na ndimu, naye akakipokea kwa mdomo bila kutoa macho barabarani. Ndoa yao ilikuwa imefika umri ule wa kulishana bila kuangaliana. Tunu alifuta vidole kwenye leso, akageukia upande wake wa kushoto, ambako bahari ilikuwa inafuatana nao.

Na ilikuwa nzuri, jamani. Mawimbi madogo yalikuja ufukweni bila haraka, kama watu wanaokwenda harusini huku wanajua pilau bado haijaiva. Minazi ilijiinamia. Nyuma ya minazi kulikuwa na vibanda vya makuti, moshi mwembamba wa jiko la asubuhi, kanga zimeanikwa kwenye kamba, mwani umetandazwa juu ya mchanga ukauke. Punda mmoja alisimama kivulini akiwaza mambo yake. Vyote vilielea ndani ya mwanga laini usiochoma, na gari lilivyokuwa linanguruma kwa sauti ya chini, mtu asingejua kama anasafiri au analala.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwepo.

Minazi ile ilikufa zamani, chumvi ilipoila mizizi. Vibanda vilichukuliwa na maji msimu ule bahari ilipopanda ikakataa kushuka. Hata mwanga wa asubuhi haukuwa wa asubuhi ile. Ulikuwa wa asubuhi nyingine, iliyopigwa picha na mtu fulani kabla Tunu hajazaliwa, na Tunu ndiye aliyeushona pale kwa mkono wake. Punda pia alikuwa wake. Alimwokota nyuma ya picha ya harusi ya watu asiowajua, akamkata taratibu kumzunguka masikio, akamweka kivulini. Kila mwaka walipopita, alimwamkia kimoyomoyo.

Watu waliyaita magari hayo magari ya kioo. Madirisha yake yote yalikuwa kioo hai, na abiria akitazama nje aliiona pwani ya zamani imeshonwa juu ya pwani ya sasa, mti kwa mti, wimbi kwa wimbi, ikisogea sawasawa na mwendo wa gari. Kule bara, Handeni na Korogwe, walikohamishiwa watu wa pwani, familia zilisubiri zamu yao kwa miezi. Wakirudi wanakuwa wametulia, sauti zimeshuka. Ukiwauliza walikuwa wapi hawasemi walikwenda kutembea. Wanasema, "Tulikwenda kwetu."

Tunu, kwa kuwa alikuwa mfanyakazi, alipewa safari ya watu wawili kila mwaka bila kusubiri. Na kila mwaka Shekue alivaa kanzu ya kupigwa pasi na kofia ya viua, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Unaona yule punda?" Shekue aliuliza.

"Namwona."

"Kila mwaka yupo pale pale. Punda mvivu yule."

"Muache apumzike," Tunu alisema, na akacheka. Lakini safari hii alikuwa akiiogopa tangu asubuhi. Alijaribu hata kujifanya mgonjwa, lakini Shekue alimletea chai ya tangawizi na kusema ugonjwa wa nchi kavu unaponywa na upepo wa bahari, ingawa ndani ya yale magari upepo wa bahari hauingii.

*

Watu hawaijui kazi ya mshonaji. Wanadhani ni uchawi, au ni mashine peke yake. Kumbe ni kazi ya kukaa. Katika jengo la Kampuni ya Nuru ya Pwani kule Handeni, Tunu alikuwa na meza, kiti kilichochoka upande mmoja, na ukuta mzima wa picha. Kila gari lililopita barabara ya nguzo lilikuwa na macho yake, kamera ndogo zinazoiona pwani ilivyo kweli, kwa kuwa gari lenyewe halidanganyiki, lingedanganyika, lingegonga. Picha zile waliziita picha mbichi. Zikifika, mashine inazilinganisha na mshono, na chochote kilichozidi, chochote ambacho hakikuwamo katika pwani ya zamani, inakizungushia duara na kumsubiri mshonaji. Mshonaji akigusa kwa kidole, kimefutika. Mashine ilikiita doa. Mti ulioanguka, doa. Paa la bati lililoletwa na maji, doa. Sheria ya kazi ilikuwa fupi, waliifundishwa siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa choo: kisichokuwepo zamani, hakipo.

Sasa, kipande cha Mikokoni, kwao Shekue, kilikuwa na shida yake. Kilikuwa kijiji cha nyumba chache kusini ya Pangani, na hakuna aliyewahi kukipiga picha ya maana. Basi Tunu alikishona kwa masikio. Jioni, wakishamaliza kula, alimwuliza mumewe: baraza ya baba yako ilitazama wapi? Mlango ulikuwa na rangi gani? Shekue hajawahi kusimulia jambo bila kuliongeza chumvi, na Handeni nzima wanajua hilo. Kwa hiyo mnazi wa Mikokoni ulitoka mrefu kuliko minazi yote ya pwani, na baraza ya baba yake ikatosha kukalisha kijiji na wageni juu. Alipokiona mara ya kwanza ndani ya kioo, alilia mpaka kofia ikamdondoka. "Ndivyo hasa," alisema. "Umenishonea kwetu, Tunu." Hakuna zawadi nyingine aliyowahi kumpa ikaifikia ile.

Kisha likaja doa jekundu.

Lilikuwa dogo, kando ya barabara, pale njia ya mchanga kutoka kijijini inapopanda na kukutana na nguzo. Tunu alilifuta akidhani ni kitambaa kilichonasa. Picha zilizofuata lilikuwepo tena, limesogea kidogo. Akalifuta. Akazoea kulifuta kama mtu anavyozoea kufukuza nzi, mkono unakwenda wenyewe, akili iko kwenye futari. Maana ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na saumu ilikuwa imempa utulivu fulani, ule wa alasiri, na katika utulivu ule, bila sababu, akalikuza lile doa mpaka likajaa ukuta.

Alikuwa mwanamke anapunga kanga nyekundu. Mkono mmoja hewani, mwingine kiunoni, kidevu juu kama anagombana na muuza samaki. Tunu alikijua kile kidevu. Kilikuwemo katika kila picha ya harusi yake, hata zile ambazo mwenye nacho hakualikwa kusimama.

Alikuwa Mwanatumu, dada yake Shekue, na Mwanatumu alikuwa amekufa. Walimkalia matanga. Siku ya kuhama, watu wamekwishapanda malori na maji yako magotini, aliruka akashuka kumfuata mbuzi wake. Lori halikuweza kumsubiri. Daraja lilikatika nyuma yao, na baada ya hapo hakuna habari yoyote iliyotoka kule. Wakasubiri, wakakata tamaa, wakasoma hitima. Na siku hiyo ya hitima Shekue alisimama mbele ya watu akaapa: "Wallahi, angebaki mtu wetu mmoja tu kule, hata mmoja, nisingelala Handeni. Ningerudi, nikafie kule kule pamoja naye." Na pamoja na chumvi zake zote, Shekue hakuwahi kuapa akavunja.

Kidole cha Tunu kilikaa hewani muda mrefu. Kisha kikagusa.

Akamfuta siku ile, na safari iliyofuata, na iliyofuata. Hakufanya kwa chuki. Alimpenda wifi yake, aliyekuwa akimtania mpaka machozi. Alifanya kwa woga mtupu. Kule chini hakukuwa na zahanati, wala maji ya bomba, wala simu. Kipande kile kilishaondolewa kwenye ramani, na aliyerudi huko alihesabiwa kuwa hayupo duniani. Bahari bado ilikuwa inakula. Kumwambia Shekue ni kumpoteza. Kutomwambia ni kumzika dada yake kila siku, kwa kidole kile kile alichomlishia muhogo.

*

Walivuka mto Pangani mchana umeanza kukomaa. Ndani ya kioo mji wa kale ulipita taratibu, kuta nyeupe, milango ya nakshi, mtu mmoja anapiga mswaki dirishani milele na milele. Shekue alikuwa anaimba wimbo wa kina mama wa kutwanga, maneno nusu ameyasahau, akijaza mapengo kwa mluzi. Tunu alifumba macho. Kwa muda kidogo alijiruhusu kuamini kwamba barabara haina mwisho. Kwamba wataendelea hivi, yeye na huyu mzee wake mwongo, bahari ikiwa upande mmoja na muhogo katikati, na Mikokoni haitafika.

Lakini Shekue akaacha kuimba, akainama, akaanza kuvua viatu.

Alifanya hivyo kila mwaka. Hukanyagi baraza ya baba yako na viatu, alisema, hata kama unapita tu. Alivipanga vizuri chini ya kiti, akarekebisha kofia kwa kujitazama kwenye kioo kidogo cha juu, akaliambia gari, "Polepole hapa, mwanangu," na gari, ambalo katika maneno hayo lilielewa polepole tu, likapunguza mwendo.

Mikokoni ikatokea. Mnazi mrefu kupita yote. Mlango wa bluu. Kuku wanachakura chini ya baraza isiyo na mwisho. Upepo wa zamani ulipita katika makuti, na kivuli kikacheza juu ya ngazi.

"Tunu."

"Abee."

"Kila kitu umekishona. Ngazi, mlango, hata kuku." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Dada Tumu umemwacha."

Tunu aliikunja leso mapajani, akaikunjua.

"Sikulaumu. Nilijua ni makusudi, ili nisiumie. Lakini nimekaa nimefikiri. Mwaka ujao niwekee. Awe mdogo tu, pale njia inapopanda. Ndipo alipokuwa anasimama kunipungia nikienda chuoni kwa maalimu, na nisipogeuka ananitukana. Mvalishe nyekundu. Asifanye kitu kingine, asimame tu anipungie." Akamgeukia, macho yamelowa, na kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake ikaachia usukani. "Utaweza, mke wangu?"

Tunu aliweza. Hilo ndilo lililomvunja. Angeweza kuifanya kazi ile kwa asubuhi moja: angechukua picha mbichi, angekata kanga, mkono, kidevu, angesafisha chumvi kwenye ngozi na kumpunguzia umri, na Shekue angeshukuru mpaka siku ya kufa kwake. Na yule mwenyewe, mwenye njaa na jua kichwani, angeendelea kusimama hatua moja nyuma ya picha yake, akipunga kwa watu wanaomtazama na wasimwone.

"Nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini tena?"

Chini ya kiti cha abiria, nyuma ya kifuniko ambacho ni mafundi na wafanyakazi tu wanaokijua, kulikuwa na pini ya kuzima kioo. Mfanyakazi anayeivuta na abiria yumo ndani hana kazi tena. Tunu aliivuta.

*

Mwanga wa saa sita uliwapiga usoni. Shekue aliinua mkono kujikinga, na alipoushusha, kwao hakukuwepo.

Palikuwa na maji ya kijivu hadi kwenye nguzo. Visiki vya minazi vilichomoza humo, vyeusi, vimekatika vichwa. Hakukuwa na baraza wala mlango. Lakini palikuwa na watu. Nyumba ndogo za boriti na bati zilisimama juu ya maji kwa miguu mirefu, zimeunganishwa kwa vidaraja vya mbao. Mtu anatengeneza wavu, mtu anachambua mchele, nguo zimeanikwa, nguo za kweli zenye viraka. Na kando kabisa ya barabara, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, mwanamke aliyekauka kwa jua alikuwa anapunga kanga nyekundu kwa mkono mmoja, mwingine kiunoni.

"Simama," Shekue alisema. Gari likaguna, likasimama.

Alishuka miguu mitupu juu ya lami ya moto. Alitembea kama mtu anayepita juu ya boriti nyembamba, na alipomfikia hakumkumbatia kwanza. Aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Kanga ilibaki juu. Mwanatumu alimtazama, akatazama gari, akamtazama tena.

"Shekue? Mbona umezeeka hivyo?" Ndipo wakashikana, na kofia ya viua ikaanguka ikaviringika hadi ukingoni mwa barabara na hakuna aliyeifuata.

Mwanatumu alizungumza huku analia, na kulia hakukumpunguzia maneno. Wako nyumba kadhaa, alisema. Walibaki wachache, wengine wakarudi mmoja mmoja. Hawathubutu kwenda mjini wakajitaja, wasije wakakusanywa tena kwenye malori. Wanachotaka ni gari moja lisimame, wapeleke salamu, wapate dawa. "Napunga kila siku. Mnapita mnacheka. Nikasema labda ni kanga hii wameichoka, nikaazima ya kijani. Wapi! Nikarudia hii. Kuna mama mmoja alinitazama ndani ya macho kabisa, akatabasamu vizuri, nikasema alhamdulillahi, huyu kaniona. Akapita." Alijifuta uso. Ndipo alipomwona Tunu, aliyesimama kando ya mlango wa gari. "Wifi! Njoo nikuone. Umenenepa wewe, Handeni mnakula peke yenu!"

Tunu hakuweza kusogea. Shekue alikuwa ameshageuka. Alitazama kioo cha gari, ambacho sasa kilikuwa dirisha tu, akatazama njia ya mchanga, akatazama mkono wa mkewe.

"Ulijua?"

"Tangu Ramadhani."

"Alijua nini?" Mwanatumu aliuliza.

Tunu akajibu mwenyewe. "Wifi, walio ndani hawakuoni. Kioo kinawaonyesha Mikokoni ya zamani. Kila kilichozidi kinafutwa." Akameza mate. "Mimi ndiye ninayefuta huku. Nimekuwa nakufuta wewe."

Mwanatumu alicheka kidogo, akisubiri sehemu ya utani iliyobaki. Haikuja.

"Unanifuta na nini?"

"Na kidole."

Mwanatumu alikitazama kile kidole. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakukosa la kumjibu mtu alijifunga kanga yake kiunoni, akageuka, akashuka njia ya mchanga kuelekea kwenye vidaraja. Tunu alitamani atukanwe. Matusi angeyajua pa kuyaweka.

"Tafadhali rudini ndani," gari lilisema kwa sauti ya upole. "Safari inaendelea."

Shekue alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, mgongo ameuelekeza kwake. "Panda," alisema. "Usije ukachelewa."

"Na wewe?"

"Jibu unalijua. Ndiyo maana hukuniambia."

Gari lilirudia ombi lake. Kisha likafunga milango, likaguna na kuondoka tupu, viatu vya Shekue vikiwa vimepangwa vizuri chini ya kiti. Tunu alibaki amesimama. Asingesema ulikuwa ujasiri. Miguu ndiyo iliyokataa, kwa sababu ndani ya gari lile hakukuwa na mtu. Alitaka kusema jambo kwa ule mgongo. Alitaka kusema nilikupenda nikakuibia. Jua lilikuwa kali, maji yakigonga nguzo chini yao kwa sauti ile ile ya usingizi waliyoisikia njia nzima.

Gari lingine likatokea kaskazini.

Lilikuja polepole, linang'aa, na kwa nje vioo vyake vilikuwa vyeupe kabisa, mtu anaona ndani kama anavyoona sebuleni kwa jirani. Walikuwa wawili, bibi mmoja mwenye baibui na mzee wake aliyesinzia. Bibi alikuwa anakula kitumbua. Aligeuza uso upande wa bahari, na macho yake yakatua juu ya uso wa Tunu, sawasawa, yakatulia pale, na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri sana. Tunu aligeuka kutazama nyuma yake kabla hajajizuia, akijua fika ni kitu gani kinachotabasamiwa: mlango wa bluu, kuku, baraza. Alikuwa ameshona mahali pazuri, na sasa alikuwa amesimama nyuma ya mshono wake mwenyewe, na baridi iliyompita katika lile jua hakuwahi kuipata maishani.

Akaingia katikati ya barabara.

"Tunu!" Shekue aliita.

Alijua kwamba gari linaona. Alilijua hilo kwa miaka yote ya kazi yake, na hata hivyo alifumba macho. Gari lilikuja, likakua, likaguna, likasimama karibu naye kiasi cha kuhisi joto lake tumboni. Akalizunguka hadi upande wa bibi. Akainua mkono na kugonga kioo kwa vifundo vya vidole.

"Hodi."

Ndani, bibi aliacha kutafuna. Alitazama huku na huku. Macho yake yalimpita Tunu mara mbili.

"Hodi, mama!"

Mkono wa Shekue ukamkamata juu ya kiwiko, kwa nguvu ya mtu aliyekuja mbio. "Una wazimu? Lingekuua!" Alikuwa anahema, na alikuwa na hasira, na ndani ya hasira ile mlikuwa na kitu kingine ambacho Tunu hakuthubutu kukitazama. Alianza kumvuta nje ya barabara. Kisha akamwona bibi ndani ya kioo, kitumbua mkononi, anavyowatazama wote wawili na asione hata mmoja, na kule kuvuta kukaishia hapo. Alikuwa ameketi kwenye kiti kama kile, na kitafunio mkononi, kila mwaka.

Akauachia mkono wa mkewe, nao ukarudi juu ya kioo. Akakunja ngumi, akagonga kioo.

"Hodi!" alisema Shekue, kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri na kuchoka kusimama mlangoni. "Hodi wenyewe!"

Kule kwenye vidaraja watu walikuwa wameacha kazi zao, wanatazama juu. Mwanatumu alikuwa amegeuka katikati ya njia. Mzee ndani ya gari akazinduka, akamuuliza mkewe kitu. Na bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikia hodi akaiacha bila jibu, akasogeza uso wake karibu na kioo.

"Karibuni," alisema. "Mbona sioni mtu?"

Shekue aliuweka mkono wake wazi juu ya kioo, kando ya wa Tunu, bila kuugusa.

"Tupo, mama," alisema. "Tupo hapa hapa. Tupo wengi."